Nywele za Mkunga

"Nywele zangu umezipeleka wapi?"

Mkunga hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali, maana mtu akikufokea angalau unajua pa kuanzia kujitetea. Alisimama nyuma ya kiti cha mkamwana wake, bado amevaa sare ya kliniki, mkoba begani, anaitazama picha yake mwenyewe kwenye kompyuta. Picha ilikuwa nzuri kila mahali isipokuwa juu. Juu, kichwa kilikuwa kimelainishwa pembeni kama yai, na zile nywele nyeupe, nyepesi, zilizokuwapo asubuhi alipopigwa picha, hazikuwapo tena.

"Nimezisafisha tu, Mama," mkamwana alisema. "Zilikuwa zimetawanyika. Kila nikijaribu kuzikata zitoke kwenye ukuta wa nyuma zinabaki na madoa madoa pembeni. Nikaona nipitishe mstari mmoja, kichwa kitulie."

"Umeninyoa."

"Hapana Mama, mimi nili..."

"Sawa, mwanangu. Haina neno." Mkunga akapeleka mikono kisogoni, akakaza fundo la kitambaa chake. "Mwambie Sista pale kliniki waweke picha yangu ya kitambulisho. Au wasiweke kitu. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi bila bango, sitakufa kwa kukosa bango."

Akaenda zake chumbani. Mlango aliufunga polepole, tena kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomwumiza binti wa watu kuliko kama ungebamizwa.

Tuseme kweli, jamani: mkamwana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na mikono myepesi na jicho la kupenda vitu vikae sawa, na kwenye kazi yake ya kutengeneza mabango jicho la namna hiyo ndilo linalomletea wateja. Kliniki ilimwagiza bango la kumuaga mama mkwe wake anayestaafu Jumamosi: picha ya Mkunga katikati, na nyuma yake picha za watoto aliowapokea kwa mikono yake, ambazo Sista alikuwa amezikusanya kwa wazazi hadi zikapita mia mbili. Kazi ya heshima hiyo. Aliifanya kwa moyo wote, akaharibu kwa moyo wote.

Kosa ni la nyumba nzima, ukiniuliza mimi. Binti aliolewa mwaka jana, akakuta watu waliokwisha kuzoea kutouzungumzia ule mwaka wa dawa. Alijua Mama aliugua saratani, akapona, basi. Hakujua kwamba nywele zile zilikuwa nyeusi tititi, zikatoka zote ndani ya wiki mbili, na ziliporudi zilirudi nyeupe, laini kama pamba, chache kiasi kwamba mwanga unapita katikati. Asubuhi ile alipomwambia, "Mama, vua kitambaa tupate picha safi," aliona mama mkwe anasitasita akadhani ni zile haya za watu wazima mbele ya kamera. Kumbe ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkunga kuvua kitambaa mbele ya mtu asiye mumewe wala daktari.

Na sasa binti alikuwa amekaa peke yake mbele ya kichwa cha yai, machozi yanamlengalenga.

Baba mkwe akaingia kutoka uani na harufu yake ya tapentaini. Huyu watu walimwita Fundi Rangi. Zamani kila duka la mtaa ule liliandikwa na mkono wake, na alikuwa akiringia herufi zake kama mtu anavyoringia watoto waliofaulu. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, yeye anapaka mageti. Chumba cha mbele walikigawana nusu kwa nusu, makopo ya rangi upande wake na kompyuta upande wa mkamwana, na utani ukivuka mpaka kila siku.

"Vipi, Bi Kompyuta? Mbona nyumba imenyamaza kama kuna mtihani?"

Mkamwana akageuza kompyuta amwonyeshe. Fundi akatazama. Akavuta kopo tupu, akalikalia.

"Lo," alisema. "Hapa umeboronga, mwanangu."

"Nimeshajua, Baba. Ila sijui nimeboronga nini."

Basi akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, anatazama vidole vyake vyenye rangi. "Zilikuwa zinabaki kwenye mto. Mimi nilikuwa naamka kabla yake nazikusanya nazitia mfukoni, asizione. Kila asubuhi. Yeye anajifanya hajui, mimi najifanya sijui. Tulikwenda hivyo mpaka zikaisha."

Mkamwana akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usilie sasa. Kulia utalia Jumapili. Bango linatakiwa lini?"

"Jamaa wa mashine anataka faili kesho saa sita mchana, la sivyo haliwahi."

"Basi zirudishe nywele, yaishe."

"Laiti ingekuwa hivyo, Baba! Nimempiga picha mbele ya ukuta mweupe. Nywele nyeupe, ukuta mweupe. Kompyuta haioni nywele zinaishia wapi, na mimi pia sioni. Ndiyo maana nilikata."

Fundi akakuna kidevu. Yeye na kompyuta walikuwa na ugomvi wa miaka, lakini kazi ni kazi, na tatizo la kazi lilimwasha mwili kama upele. "Hebu nieleze polepole. Mtu mwerevu kama wewe unakataje nywele?"

"Kwa kawaida sikati. Naweka maski. Ni picha nyingine, ya nyeusi na nyeupe tu, unailaza juu ya picha ya kwanza. Penye nyeupe, picha ya chini inaonekana. Penye nyeusi, inafichwa. Haikatwi, inafichwa tu."

"Ala! Hiyo si stensili yangu hiyo?" Fundi akanyanyuka, akaenda kwenye rafu yake akavuta filamu ya zamani ya eksirei, mbavu za mtu zinaonekana humo, na katikati ya mbavu pamekatwa herufi K kubwa. Zamani Mkunga alikuwa akimletea filamu hizi kutoka kliniki zikishatupwa. Nusu ya maduka ya mtaa yaliandikwa kwa mbavu za wagonjwa. "Pakikatwa rangi inapita, pasipokatwa haipiti. Sasa mmevumbua nini nyie?"

"Hiyo yako ina kupita na kutopita. Hii ina nusu. Penye kijivu, picha inaonekana nusu. Kijivu chepesi inaonekana zaidi, kijivu kizito inafifia. Ndiyo inayofaa nywele, maana unywele mwembamba nao ni nusu nusu, nyuma yake unaona vitu."

Fundi akaishika ile K yake, akaitazama, akaitazama tena. Miaka yote ile hakuwahi kupata nusu. Kwa kweli lilimchoma kidogo, na hakuficha. "Nusu," alisema. "Mngeniambia mapema."

"Na uzuri wake, hiyo maski siichori kwa mkono. Naichukua kwenye picha yenyewe. Naibadili iwe nyeusi na nyeupe, nazidisha weupe na weusi vitengane, basi kila unywele unajionyesha wenyewe. Lakini lazima nyuma yake pawe peusi. Kwa ukuta huu siwezi."

"Peusi tu?"

"Peusi tii, pasipong'aa."

"Bi Kompyuta," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu, "mtu anakosa rangi nyeusi katika nyumba hii? Nina mbao nzima ya bango la duka ambayo wenyewe walikataa kuja kuichukua. Nitaipiga nyeusi leo hii, asubuhi imekauka. Wewe nenda kamwombe Mama apigwe picha tena."

"Mimi? Si ungekwenda wewe, Baba?"

"Nimeoa miaka thelathini na nne. Najua mlango gani sigongi."

* * *

"Hodi, Mama."

"Pita."

Mkunga alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mkamwana akabaki amesimama karibu na mlango, hajui mikono aiweke wapi.

"Mama, nimekosa. Sikujua, lakini hata kama sikujua, zilikuwa nywele zako, ningekuuliza. Nilidhani nakupendezesha."

"Ndivyo wanavyosema wote. Dada yangu mwenyewe aliniletea nywele za bandia kwenye mfuko, nyeusi, ndefu mpaka mabegani, eti nipendeze. Niliziweka kabatini mpaka panya akazalia humo." Akakunja sketi upya. "Unajua nilizingoja muda gani hizi? Miezi saba. Kila nikiamka napapasa kichwa, kitupu. Napapasa, kitupu. Siku nilipohisi kitu kinanichomachoma kiganjani, nilimwamsha baba yenu, nikamwambia, papasa hapa. Akapapasa. Akalia kama mtoto. Halafu nilipomuuliza vipi, akasema ana mafua."

Wakacheka wote wawili, kidogo, halafu Mkunga akaacha kucheka.

"Halafu nakuja nakuta zimefutwa kwa sababu zimetawanyika. Acha zitawanyike! Zimetoka mbali."

Mkamwana akaja akaketi pembezoni mwa kitanda bila kukaribishwa. "Nataka kuzirudisha, Mama. Zote. Baba anapaka mbao nyeusi uani, kesho asubuhi ukae mbele yake dakika tano tu. Safari hii sikati chochote. Picha yenyewe ndiyo itasema hapa pana nywele, hapa hapana."

"Hakuna mkasi?"

"Hakuna mkasi."

"Na nisipopenda?"

"Nafuta mbele yako, tunaweka ile ya kitambulisho."

Mkunga akafikiri. Ile ya kitambulisho aliijua vizuri. "Ile nimekodoa macho kama mtu aliyekanyagwa kidole," alisema mwishowe. "Haya. Dakika tano. Zikizidi nakwenda zangu."

* * *

Asubuhi mbao ilikuwa imekauka, nyeusi, haing'ai hata chembe. Fundi alikuwa ameiegemeza kwenye nguzo ya kamba ya nguo, na kwa kuwa upepo ulikuwa unaanza, akachomoa mfukoni kipande cha kamba, akaikaza nguzoni.

"Baba, isije ikamwangukia Mama," mkamwana alisema.

"Kamba niachie mimi. Kwenye kamba sijawahi kuaibika."

Mkunga akaja na kiti chake, akaketi. Zamu yake kliniki ilikuwa ya mchana, siku moja kabla ya ile ya mwisho, na alikuwa amekwisha kuvaa sare. Akatazama ukuta wa jirani, akatazama juu, akahakikisha hakuna mtu dirishani. Kisha akafungua fundo la kitambaa, akakiweka mapajani, akapeleka mkono kichwani kulainisha.

"Usizilainishe!" Fundi na mkamwana walisema kwa pamoja, wakatazamana.

Mkunga akashusha mkono. Upepo ukazinyanyua zile nywele, nyeupe mbele ya mbao nyeusi, na kila unywele ukaonekana wazi kabisa, hata zile fupi zilizochipuka nyuma ya sikio. Fundi Rangi akasogea karibu. Alikuwa ameishi na nywele hizo mwaka mzima na hakuwahi kuziona vizuri hivyo.

"Mnanitazama nini? Pigeni picha, dakika zinakwenda."

* * *

Saa nne na nusu mkamwana alikuwa kwenye kompyuta, baba mkwe amekaa juu ya kopo lake pembeni, shingo imenyooka kama ya bata. Picha ikageuzwa nyeusi na nyeupe. Akazidisha, akazidisha tena, nyuma pakawa peusi kabisa na nywele zikawaka. Akailaza maski mahali pake, juu ya picha ya rangi, na chini yake wale watoto mia mbili na ushee.

Nywele zikatokea kwenye bango, zote, hadi zile fupi za nyuma ya sikio, na katikati yake watoto wanachungulia.

Lakini sura haikuwapo! Palipotakiwa kuwa na paji la uso palikuwa na pacha wawili wenye kofia. Kwenye shavu alikuwa amekaa mtoto mnene anacheka, hana jino hata moja. Yale macho ya Mkunga, ambayo ndani yake mlikuwa na weupe, yalielea peke yake katikati ya watoto wa watu.

"Toba!" Fundi alisema. "Umemfanya mzimu."

"Ngoja, ngoja, Baba..."

Na hapohapo, maana ndivyo mambo yanavyokwenda katika nyumba hii, Mkunga akaingia na kikombe cha chai. Akasimama. Mkamwana akaruka kitini. Akanyoosha mkono kufunika kioo, akachelewa.

Mkunga akaitazama picha, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili.

"Haya," alisema. "Jana nywele, leo sura. Kesho mtachukua nini?"

Halafu akacheka. Akacheka mpaka chai ikamwagika sakafuni, akaweka kikombe juu ya kopo la rangi, akajishika kiuno. Fundi naye akaanza, na mkamwana, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta anacheka na machozi yanatoka vilevile. Ilikuwa muda mrefu hawajacheka hivyo juu ya kichwa cha Mama.

"Ngozi yako ni nyeusi, Mama," mkamwana alieleza alipopata pumzi, "na sare yako ya rangi nzito, na mbao nyeusi. Maski imedhani vyote ni mbao, imevificha. Lakini umefichwa tu, hukufutwa. Ukipakwa nyeupe hapo kwenye maski, unarudi."

"Kupaka?" Fundi akasogeza kopo. "Kujaza sehemu kwa nyeupe?"

"Ndiyo. Uso na mabega, ndani kote. Ila ukifika kwenye nywele unaacha."

"Niachie hiyo. Kujaza ni kujaza."

Mkamwana akamtazama. Hakuwahi kumwona akigusa kile kipanya cha kompyuta. Saa ilikuwa saa tano kasorobo na jamaa wa mashine hana mchezo na saa yake. Lakini akanyanyuka, akampisha kiti.

Fundi akashika kipanya kwa vidole vitatu kama anavyoshika brashi. Mwanzo kilimponyoka, akakitukana. Halafu mkono ukakumbuka. Akaanza katikati, kwenye pua, akatoka nje kwa mviringo, na kwenye bango sura ya mkewe ikawa inarudi kidogo kidogo: pua, jicho la kushoto na mikunjo yake ya pembeni, ile alama ya ndui juu ya nyusi. Pacha wenye kofia wakaondoka. Mtoto asiye na meno akaondoka.

"Usinisahau mdomo, Fundi."

"Mdomo nitauacha kwanza, nipate utulivu."

"Mwangalie huyu!"

Alipofika mpakani mwa nywele akapunguza mwendo. Akasimama. Hapo ndipo zamani, na stensili, angekata moja kwa moja. Akainua mkono, akamrudishia mkamwana kiti. "Hapa ni kwako. Hapa pana nusu."

Mkamwana akamalizia mpaka kwa brashi laini, ya kijivu, hakugusa hata unywele mmoja. Kisha wakarudi nyuma hatua moja, wote watatu, watazame.

Mkunga alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitafuta kosa, kama anavyotafuta kwenye kila kazi, akaenda upande huu, akaenda upande ule. "Huyu hapa ndani ya nywele zangu," alisema akionyesha kwa kidole, "huyu alitangulia miguu. Mama yake alining'ata mkono, alama ninayo." Akasogeza kidole. "Na huyu alitoka hata sijavaa glavu."

"Umependa, Mama?"

"Zimetawanyika," Mkunga alisema. Kisha akaweka kiganja begani kwa mkamwana, akakiacha hapo. "Peleka kwa mtu wako wa mashine. Saa sita inafika."

* * *

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamekwisha kujaa mbele ya kliniki: wauguzi, akina mama, na wale watoto wenyewe, wengine wamekuwa wakubwa wana ndevu. Bango lilikuwa na upana wa geti la kupitisha gari. Fundi alipanda ngazi getini kulitundika, kwa sababu alikuwa amesema kamba aachiwe yeye.

Alifunga pembe ya chini kushoto. Akafunga ya chini kulia. Akapanda, akafunga ya juu kushoto. Akahamisha ngazi upande wa pili, akapanda tena, akatia mkono mfukoni. Akatia mfuko wa pili. Akajipapasa kifuani.

"Nini, Baba?" mkamwana aliyeshika ngazi aliuliza.

"Kamba ya nne."

"Iko wapi?"

"Bado imeishika ile mbao uani."

Upepo ukaja, ile pembe ya juu isiyofungwa ikajikunja, ikashuka na kumfunika Mkunga kwenye bango kuanzia kichwani mpaka kidevuni. Watu wakaguna. Sista akaanza kutuma mtu akatafute uzi, waya, chochote. Mtu mmoja akavua mkanda wa suruali, akakumbuka kwa nini alikuwa ameuvaa, akaurudisha haraka.

Mkunga alikuwa amesimama chini kabisa ya ngazi, amejifunga kitambaa chake kizuri cha siku ya sherehe. Aliwatazama watu. Aliitazama ile pembe inavyompiga usoni juu kule. Akapeleka mikono kisogoni, akafungua fundo, akakikung'uta kitambaa mara moja, akamnyooshea mumewe.

"Chukua. Funga."

Fundi alitazama chini. Jua lilikuwa limepanda, na lilipita katikati ya zile nywele, zikaonekana wazi kama asubuhi ile uani, ila sasa mbele ya watu wote.

"Mama, jua kali," alisema taratibu.

"Fundi, watu wanangoja."

Akakipokea. Akakipitisha kwenye tundu la pembe, akakizungusha kwenye chuma cha geti, akafunga fundo, juu yake akafunga fundo jingine. Bango likanyooka. Watoto chini wakaanza kujitafuta kwenye picha na kupiga kelele, huyu mimi, huyu mimi, nipo kwenye nywele za Bibi.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Fundi alibaki juu ya ngazi, uso ameuelekeza kwenye geti.

"Baba, mbona hushuki?" mkamwana akauliza.

"Subirini kidogo," Fundi alijibu bila kugeuka. "Nina mafua."